Wakili Kutoka Nakonde

Jumatatu, 3 Juni 2024
Matanga ya baba yamekwisha. Hakuacha wosia. Jumamosi ukoo unakaa nyumbani Ihanda kumpendekeza msimamizi wa mirathi, jina lipelekwe mahakamani. Msimamizi ni mimi, Enoka. Hawajajua tu. Dada Ferista anataka shamba la kahawa libaki la kahawa. Kahawa! Kando ya lami! Nikilishika mimi, mibuni yote chini, panakuwa maegesho ya malori. Nahitaji wakili wa kuwatisha wazee.

Jumanne, 4 Juni
Nimeona mawakili wawili hapa Tunduma. Wa kwanza kaniambia msimamizi hajichukulii mali. Anaikusanya na kuwagawia warithi wote. Wa pili kasema yaleyale, halafu akauliza kama dada anajua nimekuja. Wamepangana hawa! Tunduma hakuna wakili.

Jumatano, 5 Juni
Akili yangu inanishangaza hata mimi. Nimevuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kununua mafuta ya kula, nikaona kibao cha wakili. Bwana Mutale. Suti nyeusi, Kiingereza kizito. Ukoo utanyamaza wenyewe! Kauliza shamba liko nchi gani. Nikamwambia sisi na wao ni kitu kimoja, tunatenganishwa na geti tu. Akacheka. Tumeelewana. Nimemweleza msiba, nikamwalika Jumamosi. Kasema atakuja bila kukosa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempigia dada simu. Nimemwonya nakuja na mtu mzito. Kauliza huyo mtu anakula mbuzi au achinjiwe kuku. Anatetemeka.

Jumamosi, 8 Juni
Usaliti! Mutale kafika na suti yake. Tukiwa tunakula, nikasimama na kutangaza kuwa mwenye neno lolote aongee na mwanasheria wangu. Baba mkubwa Osea akavua kofia. Raha iliyoje! Ndipo Mutale akainuka na kusema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba uwakili wake unaishia mpakani, Tanzania hana ruhusa ya kusimama mahakamani, naye amekuja kutupa pole. Akatoa rambirambi. Akampa dada! Baba mkubwa akasema hatimaye Enoka ameleta mtu wa maana.

Wakapendekeza jina la Ferista. Mikono yote juu. Hata wangu ulikuwa juu, nilikuwa naomba mchuzi. Wakauhesabu!

Dada kasema kila mtoto atapata haki yake. Kwa upande wake angependa mimi nipate mibuni ya kule juu, ile aliyoipanda baba mwaka niliozaliwa. Nilimkumbuka baba. Kidogo tu. Nikaongeza kuku.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kanisani hapa Ihanda, mahubiri yakiendelea. Kosa langu nimeliona waziwazi: nchi. Nilikosea nchi! Baada ya ibada, Zabron anayefanya biashara mpakani Isongole, wilaya ya Ileje, kaniambia ng'ambo ya kule, Malawi, yuko mwanasheria mkali ajabu. Anavaa mpaka wigi. Wigi! Nani atapiga kura mbele ya wigi?

Kesho alfajiri naelekea Ileje. Dada Ferista kanichemshia viazi vya njiani, hata hajauliza naenda wapi. Maskini, hajui kinachomjia.