Nyonga ya Marlys na Gari la Mpiga Kinanda

Redio ya Wanda, mwenye duka la kahawa na donati, ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, theluji ya Machi imeshageuka tope la chumvi barabarani, na sisi tumejipanga kwenye meza yetu ya dirishani na donati zetu. Mara mtangazaji akasema kiwanda kimoja kikubwa kinaacha kutengeneza gari za familia za saizi ya kati, zile za chini zenye milango minne na buti nyuma. Eti watu siku hizi wanataka gari za juu tu.

"Nilisema!" Tani Mbili akapiga meza, kahawa ikamwagika. "Nilisema mimi! Gari za chini zimekufa. Mwanamume mzima unaendeshaje gari ambayo ukisimama kwenye taa unatazamana macho kwa macho na mbwa?"

"Sasa mbona umetuita tukukagulie hiyo ya kijivu pale nje?" akauliza Bima.

Tani Mbili akaanza kufuta kahawa kwa mkono wa koti.

Huyu Tani Mbili kanisani anaitwa Harlan Tibbets. Ana pikapu nyeusi ambayo tairi zake zinanifika kifuani. Tangu ainunue, mzigo mkubwa kuliko yote aliowahi kuubeba ni mti wa Krismasi, na wenyewe ulikuwa wa plastiki. Bima, jina lake Denny, yeye alikagua ajali kwa kampuni ya bima miaka thelathini na moja; wewe ukiona gari, yeye anaona marehemu. Wa tatu ni Spana, aliyefunga gia boksi kiwandani hapa Saginaw mpaka alipostaafu, na anaamini hakuna ugonjwa wa mashine ambao sikio lake halitausikia. Mimi wananiita Posta. Niligawa barua mji huu mpaka magoti yakakataa.

"Sema ukweli, Tani," Spana akamwambia. "Shemeji kasemaje?"

Tulikuwa tunajua nusu. Mkewe, Marlys, aliwekewa nyonga mpya Januari, na tangu siku hiyo ile pikapu haipandi. Kanisani haendi, sokoni haendi.

"Nilimnunulia kigoda cha kukanyagia," Tani Mbili akasema. "Kizuri tu, cha plastiki. Akakitazama, akaniambia, 'Harlan, mimi si kuku, sipandi kulala juu.'"

"Halafu?"

"Halafu akanipa mpaka Pasaka. Kama mpaka Pasaka hakuna gari anayoweza kuingia kama mtu mwenye heshima zake, anahamia kwa dada yake Bay City. Na huyo dada mtu ana chumba. Ameshakipaka na rangi."

"Rangi gani?" akauliza Bima.

"Inahusu nini rangi?"

"Kama ni zambarau, anakutisha tu. Kama ni nyeupe, kaka, umeachwa."

"Nyeupe."

Tukavua kofia kwa heshima.

"Pasaka ni Jumapili ya wiki ijayo," nikasema.

"Najua Pasaka ni lini, Posta!"

"Angekuwa anajua," Wanda akadakia kutoka kaunta, "asingekuwa anakagua gari wiki ya tatu. Ya kwanza mliikataa kwa nini?"

"Ilinuka mbwa," akasema Spana.

"Ya pili?"

"Saa ya kwenye dashibodi ilikuwa nyuma dakika saba," akasema Bima. "Mtu aliyeshindwa kurekebisha saa, oili atakuwa amebadilisha?"

"Na ya tatu?"

Hakuna aliyekumbuka. Tulitazamana.

"Ilikuwa nyekundu," Tani Mbili akasema mwishowe.

Wanda akatikisa kichwa, akachukua simu, akaingia nayo jikoni.

Sisi tukatoka nje. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa duka la Wanda tangu jana yake, na karatasi dirishani: miaka tisa, maili elfu hamsini na nane, dola elfu nane. Rangi ya kijivu, kijivu cha kabati la ofisini. Halikuwa na mkwaruzo, halikuwa na kutu, na kwetu sisi, ambako chumvi ya barabarani hula chasisi kama biskuti, hilo peke yake lilitosha kumtia Bima wasiwasi.

"Noma hii," akasema, amepiga magoti anachungulia chini. "Safi mno. Gari haiwi safi hivi bila sababu."

"Sababu inaweza kuwa ilioshwa," nikasema.

"Posta, wewe baki na mambo ya stempu."

Mwenye gari alikuwa anavuka barabara kutoka nyumbani kwake, polepole, mkono mmoja umetangulia mbele kidogo kama anayetafuta swichi ukutani. Mwalimu Elroy Hutchins. Alifundisha muziki watoto wetu wote, na bado kila Jumapili anapiga kinanda kanisani. Ni mtu mpole, anayekuomba radhi wewe ukimkanyaga.

"Habari za asubuhi, mabwana. Funguo hizi hapa."

Spana akawasha. Akafungua boneti, akainamisha sikio, akafumba macho. Tukasubiri. Akahamia upande wa pili. Akafumba tena.

"Vipi?" akauliza Tani Mbili.

"Sisikii kitu."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi! Injini lazima iseme. Hii imenyamaza kama mtu aliyekula keki ya mwenzake. Mwalimu, hii gari inaficha nini?"

"Nilibadilisha oili kila maili elfu tatu," akasema Mwalimu.

"Elfu tatu!" Bima akaruka. "Kitabu kinasema elfu tano. Kwa nini ulikuwa na wasiwasi?"

"Sikuwa na wasiwasi. Niliipenda."

"Aliipenda," Bima akatugeukia, kama wakili aliyemnasa shahidi. "Mnasikia? Aliipenda, na anaiuza. Mtu anauzaje kitu anachokipenda?"

Mwalimu Elroy akaweka kiganja juu ya paa la gari.

Nikamtazama Tani Mbili nikidhani atasema yatosha. Wapi! Naye alikuwa amepata moto. "Breki je? Buti inaingia nini? Inaingia begi la gofu?"

"Wewe hujawahi kucheza gofu," nikamwambia.

"Je nikianza?"

Mara Bima akapiga yowe. Alikuwa amefika kwenye madigadi ya mbele, upande wa kulia, anaipapasa kwa ncha za vidole kama daktari wa watoto. "Hapa! Hapa pamepakwa upya! Njooni mtazame, rangi imepishana. Nilijua. Mwalimu, hii gari imegonga."

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

"Imegonga nini?"

"Sanduku la barua la jirani yangu, Bi Zylstra."

Hapo nikaumia kidogo. Lile sanduku nalijua. Limetengenezwa kwa umbo la bata, na kwa miaka kumi na tisa niliingiza barua mdomoni mwake.

"Bata?" nikasema. "Umemgonga bata?"

"Nilimlipa Bi Zylstra, nikamwomba radhi. Bata amerudishwa kwenye nguzo yake."

"Lakini Mwalimu," Bima hakumwachia, "lile dude ni la rangi ya machungwa! Urefu wake unanifika hapa! Mtu anagongaje bata la machungwa mchana kweupe? Ulikuwa umelewa?"

"Sikumwona."

"Hukumwona vipi?"

Mwalimu akatabasamu, lakini alitabasamu kuelekea katikati yangu na Spana, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Katikati ya jicho kumeingia giza, Denny. Pembeni naona, katikati sioni. Hapa uliposimama namwona mtu mwenye koti asiye na uso. Daktari alisema niache kuendesha, nikaongeza wiki mbili za ukaidi, na katika wiki hizo mbili nikamgonga bata. Nikafikiri, je, angekuwa mtoto? Nikampa Wanda funguo, akaileta gari hapa, akanirudishia. Ndiyo sababu naiuza."

Injini ilikuwa bado inaunguruma, na kwa mara ya kwanza hata mimi niliisikia, imetulia kabisa. Bima akaondoa mkono wake kwenye madigadi. Akauangalia, akauficha mfukoni.

"Mwalimu," akasema, sauti imeshuka, "samahani. Midomo yangu hii inatembea peke yake."

"Ulikuwa unauliza vizuri. Mnunuzi lazima aulize."

"Saa ya kwenye dashibodi iko sawasawa," Spana akasema haraka haraka, akitafuta la kusema. "Nimeangalia. Sawasawa kabisa."

Tani Mbili ndiye aliyeniudhi. Badala ya kumshika mwalimu mkono wamalize, akaanza kukuna shingo. "Tuipe siku mbili tatu. Labda tuone na ile nyingine iliyoko Midland..."

Nikamwelewa pale pale. Hakuwa anatafuta gari. Akishanunua gari la chini, basi itakuwa kweli kwamba mkewe amezeeka, na yeye mwenyewe anafuata. Nami nilikuwa nimekula donati za wiki tatu kwa kumsaidia asifike huko.

"Midland hakuna kitu," nikamwambia. "Nunua, bwana."

Hakupata nafasi ya kunijibu. Basi dogo la wazee lilisimama mlangoni kwa Wanda, lile linaloshusha ngazi mpaka chini, na akashuka Marlys. Koti la bluu, fimbo mkononi, lipstiki. Wanda alikuwa ametoka na aproni yake anamsaidia, na ndipo tukajua ile simu ya jikoni ilipigwa kwa nani.

"Marlys!" Tani Mbili akashtuka. "Umefuata nini kwenye barafu hii?"

"Nimefuata gari langu. Hamjambo, shemeji zangu?"

"Hatujambo, shemeji," tukaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Bado tunakagua," akasema mumewe. "Kuna mambo ya kiufundi..."

"Kagueni. Mimi niko hapa pembeni."

Akafungua mlango wa dereva. Akamkabidhi Spana fimbo bila kumtazama. Akageuza mgongo, akashika fremu, akajishusha, kiti kikampokea. Akaingiza mguu mzuri, kisha ule wa nyonga mpya, akiuinua kidogo kwa mkono chini ya goti. Akakaa. Akavuta pumzi. Akatoka. Akaingia tena. Akatoka. Mara ya tatu hakuushika mguu.

Nilimwona Tani Mbili uso wake. Sijui wenzangu waliona. Alikuwa anamtazama mkewe anavyoingia na kutoka, na kidevu chake kikaanza kucheza, akajifanya anatazama tairi.

"Inatosha," akasema Marlys. "Mwalimu, bei ni ile iliyoandikwa?"

"Shemeji, ngoja!" Bima akashika kichwa. "Huombi hata kupunguziwa? Kuna madigadi iliyopakwa upya!"

"Bima, gari hii imekaa vizuri kuliko wewe. Mwalimu, bei ni ile?"

"Ni ile, Marlys. Lakini ukitaka..."

"Sitaki. Jumapili utakwenda kanisani na nini?"

Mwalimu akasita. "Kwa miguu. Si mbali."

"Ni mitaa kumi na moja, kuna barafu, na humwoni bata." Akafunga mkanda. "Nitakupitia saa tatu. Na Alhamisi kwenye mazoezi ya kwaya. Usinibishie, bado nina maumivu na nikiwa na maumivu sina adabu."

Mwalimu Elroy akatoa kitambaa, akafuta miwani ambayo haikumsaidia tena kitu. Akasema ahsante mara mbili.

"Wewe huendeshi!" Tani Mbili akakumbuka ghafla. "Daktari..."

"Daktari aliniruhusu Ijumaa."

"Hukuniambia!"

"Nilikuja kukuambia, Harlan. Ulikuwa huku, mnakataa gari nyekundu." Akazungusha kioo cha ndani kimkae sawa. "Mwalimu, zunguka uje mbele hapa, nikupeleke benki tumalize. Spana, mshike mkono, pale pana utelezi."

"Na mimi?" akauliza Tani Mbili.

"Na wewe nini?"

"Mimi nakaa wapi?"

Marlys akaelekeza nyuma kwa kidole gumba.

Jamani. Yule mwanamume wa tairi za kifuani akafungua mlango wa nyuma, akakunja shingo, akakunja mgongo, akaingiza goti moja, akatoa, akaingiza jingine. Bima akamsukuma kwa bega. Mlango ukafungwa. Magoti yalikuwa karibu na masikio, kofia imebanwa na paa. Spana alicheka mpaka akaegemea pikapu ya Tani Mbili.

Marlys akatoa gari taratibu, akawasha indiketa ingawa barabara ilikuwa tupu, akapinda kushoto. Sisi watatu na Wanda tukabaki tunapunga mikono. Hawajafika mbali, kioo cha mlango wa nyuma kikashuka, na kichwa cha Tani Mbili kikachomoza, kimestaajabu, macho yametoka.

"Jamani!" akatupigia kelele. "Huku nyuma viti vinapasha moto! Nawaambia vinapasha moto mpaka kwenye..."

Marlys akabonyeza kitufe cha mlangoni kwake. Kichwa kikarudi ndani upesi, na kioo kikapanda polepole hadi juu, huku mdomo wa mumewe bado unaendelea kusema.