Mgeni Bora wa Chumba cha Vyungu

Jumatatu, 9 Septemba

Leo mzee wetu, Mkuu wa Utafiti, amestaafu. Keki, hotuba, machozi. Mimi nililia kuliko wote, maana mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na nilikiona kile kiti chenye magurudumu. Kiti cha Mkuu wa Utafiti. Kinazunguka!

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii: ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la kukata vioo. Kazi yetu ni kuwachunguzia watu wa sanaa mambo wanayojiuliza usiku. Kwa nini watu hawaji kwenye maigizo? Nani anaingia makumbusho, na anatoka na nini kichwani? Sisi tunakwenda kutazama watu, kisha tunaandika ripoti yenye michoro ya rangi. Bosi wetu tunamwita Profesa. Uprofesa huo aliupata wapi, hata sisi watafiti hatujagundua.

Profesa katangaza kwamba nafasi ya Mkuu ni ya mmoja wetu, mimi au Asilimia. Asilimia ni mwenzangu wa meza ya pili, mtu asiyeweza kusema ana njaa bila kukutajia ni ngapi kwa mia. Yeye kapewa ukumbi wa maigizo. Mimi makumbusho. Mkurugenzi wa makumbusho anataka kukifunga Chumba cha Vyungu akigeuze duka la zawadi, lakini kwanza ajue kama kuna binadamu anayekipenda. Jumatatu ijayo tunatoa ripoti. Yenye nguvu ndiyo inayokalia kiti.

Kuna tatizo dogo. Mke wangu nilishamwambia cheo nimepata. Nilikuwa nimemuunguzia gauni kwa pasi, ikabidi itafutwe habari njema haraka. Naye akampigia mama yake. Mama mkwe anakuja Alhamisi kunipongeza ana kwa ana!

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya kwanza uwandani, pale makumbusho. Sheria ya kazi yetu ni moja: mtazame mgeni bila mgeni kujua. Akijua anatazamwa, anaanza kujifanya anapenda vyungu. Kwa hiyo nilivaa kofia ya pama na miwani ya jua. Nilijitazama kwenye kioo cha duka la chini, sikujitambua. Safi!

Mlinzi wa makumbusho akanitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Akanikaribisha kwa cheo, bwana mtafiti, kwa sauti ya mnada. Nikamvuta pembeni nikamsihi tusijuane kabisa. Akauliza kama kutojuana huko kunaendana na chai. Nikamnywesha chai.

Chumba cha Vyungu: vyungu vingi, kamba ya kuzuia watu, watu hakuna. Asubuhi nzima aliingia bwana mmoja anayetafuta choo. Baadaye akaingia tena kushukuru. Nikaanza kukiona kile kiti kikibingirika kuelekea kwa Asilimia.

Halafu akaingia yeye. Mama wa makamo, kilemba cha zambarau, miwani, mkoba mkubwa. Akasimama mbele ya chungu chenye ufa. Akasimama! Akakitazama mpaka mimi nikachoka miguu kwa niaba yake. Akatoa daftari akaandika. Akatazama kushoto, kulia, akanitazama mimi, akaandika tena. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona mgeni wa namna hiyo. Nusura nilie mara ya pili wiki hii.

Jumatano, 11 Septemba

Leo kofia ya sufu, masharubu ya kubandika. Kilemba cha Zambarau amerudi! Na miwani mingine tofauti na ya jana. Nikaandika: mgeni mwenye uwezo, anamiliki miwani zaidi ya moja.

Ladha yetu ni moja, ajabu. Nikisogea kwenye mitungi, naye anasogea kwenye mitungi. Nikirudi kwenye vikaango, huyo anakuja taratibu. Nilipoinama kufunga kamba za viatu, sharubu moja likaanguka. Aliniona nikilibandika tena. Akageuka upande kwa heshima, akaandika ukurasa mzima. Mtu aliyelelewa vizuri.

Nimempa jina kwenye ripoti: Mgeni Bora. Nimemchorea mchoro wa rangi. Kwa kuwa yeye ndiye mgeni pekee, mchoro ni duara moja lililojaa zambarau. Linapendeza sana.

Ofisini Asilimia anatamba. Kahoji watazamaji mia nne, kisha akanitajia kila jibu ni ngapi kwa mia. Nikaona hapa pasipotumika akili mtu atakosa kiti. Nikamshauri, kwa moyo wa undugu, kwamba watafiti wakubwa huwatazama watazamaji kutokea jukwaani. Aombe ajibanze kule nyuma ya pazia. Wenye maigizo wana hasira, watamtoa mbio. Akanishukuru mpaka nikaona aibu. Ilipita.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama mkwe amefika. Na zawadi. Saa ya ukutani kubwa kama sinia, ya kutundikwa ofisini kwangu, juu ya kiti cha ukuu. Anataka aitundike mwenyewe, kwa mkono wake, ili baraka zisipungue. Nikamwambia ofisi inapakwa rangi. Akasema saa haiogopi rangi. Nikamwambia ufunguo anao Profesa. Akasema atakwenda kumwomba, yeye na Profesa ni watu wazima. Mke wangu ananitazama kwa jicho lile. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu naona imeshafika ukutani.

Tumekubaliana Jumamosi, siku ambayo ofisini hakuna mtu. Angalau nimepata pumzi.

Habari mbaya: Asilimia hakutolewa mbio. Walipomkuta nyuma ya pazia walikuwa wamepungukiwa maiti, wakamlaza yeye. Amelala jukwaani maigizo mazima bila kupepesa jicho. Watazamaji wamesimama kumpigia makofi! Leo hakutaja asilimia hata moja. Anatembea polepole, mkono kifuani.

Ijumaa, 13 Septemba

Maji yamenifika shingoni.

Nilikuwa kazini kwa amani, kofia ya baraghashia, fimbo, mgongo nimeukunja. Kilemba cha Zambarau yuko mahali pake. Ghafla nasikia mlangoni sauti ninayoijua. Mama mkwe! Kaja kunitazama nikifanya kazi. Nikaruka kamba nikajibanza nyuma ya mtungi mkubwa wa maji.

Mama mkwe akamwambia mlinzi kwamba mkwewe ndiye Mkuu hapa na aitwe. Mlinzi akageuza kichwa kunielekea. Nikampungia vidole, hapana, hapana, ndugu yangu hapana. Akasema hamjui mtu kama huyo. Chai yangu imefanya kazi. Mama mkwe akazunguka chumba chote akilalamika kwamba vyungu ni vizuri ila mtu hana hata pa kuegesha makalio. Akakaa kwenye kijukwaa, kati ya vikaango viwili. Mlinzi akamwomba ainuke. Akamwambia mlinzi avitazame vile vikaango, vimekaa siku zote hizo na hakuna aliyeviinua. Akapumzika, akaondoka kwa hiari yake. Sikumwandika. Ndugu wa mtafiti hahesabiwi, hiyo nayo ni sheria.

Nilipotoka nyuma ya mtungi, Kilemba cha Zambarau alikuwa amesimama mbele yangu. Akanipa leso. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani na kama nina mtu wa kuzungumza naye. Mtafiti haongei na anayemtafiti! Nikatikisa kichwa tu. Akanishika bega, akaenda kuandika kurasa kama tatu. Nikaandika nami: Mgeni Bora ana huruma, vyungu hulainisha moyo.

Jumamosi, 14 Septemba

Kibao changu cha plastiki, MKUU WA UTAFITI, nilikichongesha tangu mwezi uliopita. Nikakibandika mlangoni alfajiri. Mama mkwe akakisoma kwa sauti mara mbili. Mke wangu akanishika mkono, jambo ambalo halijatokea tangu lile gauni. Nilifurahi, nisiseme uongo hapa. Nilitamani liwe kweli.

Mama mkwe akapigilia msumari, akatundika saa, akakaa kwenye kiti akazunguka. Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu Profesa alipoingia. Kasahau miwani!

Mama mkwe akainuka, akamshika Profesa mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumwamini kijana wake. Akamwambia alikuwa na wasiwasi binti yake kaolewa na mtu wa maneno tu, sasa usingizi utakuja. Profesa akakitazama kibao. Akaitazama saa. Akanitazama mimi, na mimi nikaitazama sakafu. Mwisho akamwambia karibu sana mama, chai ipo.

Tulipokuwa tunashuka ngazi alinibakisha nyuma. Akanong'ona kwamba hakutaka kumvunja moyo mama wa watu. Lakini ripoti ya Jumatatu ikiwa ya ovyo, kibao, saa na mimi tutashuka pamoja, na mama mkwe ataelezwa sababu. Nikamwambia asiwe na shaka, nina Mgeni Bora.

Jumatatu, 16 Septemba

Haya lazima niyaandike kabla ya kulala.

Tulikutana ofisini kwa Mkurugenzi wa makumbusho: yeye, Profesa, mimi na michoro yangu. Nikatoa maelezo kwa sauti nzito. Kwamba kuna mgeni anayerudi kila siku, anayekaa humo mpaka jioni, anaandika, anaguswa, anafariji wenzake. Kwamba chumba kisifungwe. Kwamba kiwekwe benchi, maana Mgeni Bora anasimama mno. Profesa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Niliisikia ile saa ikinipigia kwa mbali.

Mkurugenzi akasema vizuri sana, ila yeye hata akiumwa hutibiwa na madaktari wawili. Amewaajiri na watafiti wengine, kwa siri, asikilize na upande huo. Akaita. Mlango ukafunguka.

Kilemba cha zambarau.

Alinitazama. Nilimtazama. Akakaa, akafungua ripoti yake, na kwa kuwa ilikwishachapwa hakuwa na pa kukimbilia, akaisoma. Kichwa: Mwanamume wa Kofia. Kwamba kuna mgeni anayekuja kila siku kwa sura mpya. Anavipenda vyungu kiasi cha kuvikumbatia. Siku ya Ijumaa alijificha nyuma ya mtungi akimkimbia mama mmoja mkali, pengine anamdai. Chumba hicho ndicho kimbilio lake pekee duniani. Kisifungwe. Kiwekwe benchi, mtu huyo apumzike.

Profesa alijifunika uso kwa michoro yangu. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilidhani analia.

Mkurugenzi akazilinganisha ripoti mbili. Nikaanza kumuaga mke wangu moyoni. Kisha akapiga meza! Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Watafiti wawili, ofisi mbili, hawajuani hata kwa salamu, na wote wameona wapenzi wa vyungu wanaoshinda humo mchana kutwa, na wote wanataka benchi! Alikuwa hajui tu kwamba chumba chake kinapendwa hivyo. Chumba hakifungwi. Benchi lichongwe wiki hii. Yule mama hakusema kitu. Mimi sikusema kitu. Huo ndio uadilifu wa taaluma.

Mlangoni nilimkamata mlinzi. Kwa nini hakuniambia? Akasema mimi na yule mama, kila mmoja kwa wakati wake, tulimvuta pembeni kumwomba ajifanye hatujui, yeye chai kanywa mara mbili, na neno lake hulitunza.

Kwenye ngazi Profesa ilibidi akae chini kwa kucheka. Alipopata pumzi nikamuuliza habari za kiti. Akaniambia Asilimia amejiuzulu asubuhi, wenye maigizo wamemchukua moja kwa moja, maiti wa kudumu. Kwa hiyo amebaki mgombea mmoja. Kwa majaribio! Akanisihi kitu kimoja tu: kabla sijamwita mtu mgeni, nihakikishe ni mgeni. Nikaapa. Nyumbani mke wangu alipika kwa furaha, na mama mkwe akasema saa yake ndiyo iliyofanya kazi. Sikubisha.

Jumatano, 18 Septemba

Kazi yangu ya kwanza kama Mkuu: maktaba. Nimekuja na kofia mpya.

Somo la makumbusho nimelishika barabara. Mtu akiandika kwenye daftari, huyo ni wa kuogopwa, simgusi. Nimewapita wenye madaftari wote. Na nimempata mtu safi kabisa, bwana mmoja mzee kidogo, amekaa karibu na mlango. Haandiki chochote. Ana gazeti tu, na ukurasa ni uleule tangu nimefika. Hivyo ndivyo watu wa kina wanavyosoma! Mara kwa mara ananitazama juu ya gazeti, nadhani anatafakari.

Mkononi ana kidude kidogo cha chuma chenye tarakimu zinazogeuka. Kila mtu akiingia, anakibonyeza: twa! Akitoka mtu, kimya. Akiingia mwingine: twa! Nilipopita mimi kwenda chooni na kurudi, alibonyeza, akasita, akakuna kichwa. Ni tasbihi ya kisasa, bila shaka. Mtu anamwombea dua kila anayeingia maktaba!

Nimeshampa jina: Msomaji Mcha Mungu. Mchoro wa rangi nimeanza. Nafikiri tutapendekeza benchi.