Mwavuli wa Benki ya Ng'ambo

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeamua. Nahama benki.

Sababu ni mwavuli. Jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea. Sisi humwita Suti, kwa kuwa huivaa hata akienda kununua mkate. Mvua haikuwepo. Akaufungua mwavuli sebuleni hivyo hivyo: mkubwa, buluu iliyokolea, mpini wa mbao. Akasema benki ya ng'ambo ya barabara humpa mwavuli kila anayehamishia mshahara wake kwao. Akasema pale humkalisha kwenye kiti cha kuzunguka na kumuuliza habari za familia. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi bado napanga foleni kule kwa wazee.

Napanga. Nimepanga foleni hiyo tangu nina miaka kumi na tisa. Habari za familia sijaulizwa hata siku moja.

Leo asubuhi nikamweleza mke wangu. Hakubisha. Ameniomba jambo moja tu: niiache akaunti kama ilivyo mpaka mama yake apasuliwe jicho. Mama mkwe anaishi nasi. Macho yake yote mawili yameingia ukungu, ni mtoto wa jicho, na la kulia litapasuliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Hospitali itakata malipo moja kwa moja kwenye akaunti yangu. Wasipoikuta pesa, nafasi anapewa mwingine, na daktari huyo harudi tena mpaka mwakani.

Nikaahidi. Akaongeza kwamba nikipata nafasi niupake rangi ukuta wa sebuleni. Hapo alinichoma. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na ukuta wangu ni saruji tupu. Kibaya zaidi, mwaka juzi, mama mkwe alipoanza kupoteza nuru, nilimwambia nimeshaupaka rangi ya njano. Nilitaka kumfurahisha. Tangu hapo huwasimulia wageni habari za ukuta wake wa njano. Wageni huitazama saruji, kisha hunitazama mimi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepata mbinu. Niliahidi kutohama. Kutishia kuhama hakuna aliyenikataza. Nitatishia, meneja atatoka mbio ofisini kwake, atanibembeleza, nami nitakubali kubaki kwa masharti: mwavuli, kiti cha kuzunguka, habari za familia.

Mchana nikaenda, nimevaa viatu vya harusi. Nikamwambia dada wa huduma kwa wateja kwamba nimefika mwisho. Akauliza mwisho wa nini. Nikasema mwisho wa uvumilivu. Akataka kujua sababu. Nikamweleza kwa kirefu, nikamgusia hata marehemu baba, aliyenileta hapo mara ya kwanza nikiwa nimevaa shati lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka alama kwenye kisanduku cha "Mengineyo" na kunipa fomu ya kufunga akaunti.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Alikuwa anakula ndizi. Hakutoka.

Alhamisi, 20 Novemba

Fomu niliijaza ili niwatie hofu zaidi. Wameikataa. Nikadhani wamenionea huruma, kumbe saini hailingani.

Dada akanigeuzia kompyuta nione saini niliyoiweka siku ile na baba. Sikuamini. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia uliolizunguka jina zima, ukashuka chini ukapiga mistari miwili, na mwishoni kulikuwa na kitu kama taji. Nilidhani nitakuwa waziri. Siku hizi natia saini kwenye risiti za madebe ya rangi, na saini yangu ni mstari mmoja uliochoka. Dada akasema, kwa heshima zote, hawezi kujua kama mimi ni mimi. Akanishauri nikajizoeze.

Nimetoka nimenywea. Mtu hawezi kutishia kuondoka ilhali kuondoka kwenyewe hawezi. Lazima kwanza niweze kuondoka, ndipo nisiondoke.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeshinda mezani na kalamu. Debe la rangi nililitoa kiwandani juzi, lipo nyuma ya mlango. Lakini mambo kwa mpangilio.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akaniuliza naandika nini tangu asubuhi. Nikasema ni makaratasi ya hospitali. Akasema anaisikia kalamu inakwaruza vilevile kila mara, kama mtu anayeandika neno moja. Nikasema watu wa hospitali wanapenda kurudiarudia. Akanishukuru kwa kujisumbua. Akasema kitu cha kwanza atakachokitazama akirudi ni ukuta wake.

Nikaona aibu, nikaweka kalamu chini. Baadaye nikajaribu mara moja tu, na taji likatoka safi kabisa. Nikaendelea.

Jumatatu, 24 Novemba

Benki ya ng'ambo. Niliingia kuangalia tu. Wakanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka. Binti mmoja akaniuliza habari za familia. Nilizungumza sana, mpaka suala la mama mkwe, mpaka ukuta. Nilipomaliza, nilikuwa nimeshafungua akaunti.

Mwavuli hutolewa mshahara wa kwanza ukishaingia. Basi nikapitia kwa mama wa mishahara pale kiwandani, nikamwomba abadilishe namba ya akaunti. Akaniuliza kama mke wangu anajua. Nikajibu kwamba jambo hilo tumelizungumza nyumbani, na ni kweli tumelizungumza.

Hesabu yangu ni hii: Jumatano mshahara unaingia ng'ambo na mwavuli nachukua. Alhamisi pesa nairudisha akaunti ya zamani. Ijumaa hospitali wanakata. Hakuna atakayejua. Nadhani kipaji hiki nilizaliwa nacho.

Jambo moja dogo. Waliponipa kalamu nitie saini, mkono ulikwenda wenyewe. Mkia, mistari, taji.

Jumatano, 26 Novemba

Mshahara umeingia. Mwavuli ninao. Laiti ningerudi kazini.

Badala yake niliingia benki yangu ya zamani nao mkononi, wauone. Niliona hii ndiyo nafasi ya mwisho ya meneja kunibembeleza, na ni vizuri apewe. Nikaitia saini fomu ya kufunga akaunti mbele yao, taji na vyote. Dada akalinganisha, akatabasamu, akasema sasa ndiye mimi hasa. Nikageukia mlango wa meneja. Nilipogeuka tena, dada alikuwa na mkasi na kadi yangu ilikuwa vipande viwili. Akiba yote akaituma ng'ambo.

Nikabaki nimekaa. Nililiwaza lile shati la baba, mikono yake ilinizidi ikabidi aikunje, na jinsi alivyomwambia keshia wa siku ile kwamba huyu ni mwanangu, mnitunzie. Machozi yakanilengalenga. Mlinzi akaniomba nisogee, kuna mtu nyuma yangu.

Alhamisi, 27 Novemba

Maji yamenifika shingoni. Akaunti ambayo hospitali watakata pesa kesho haipo. Kadi mpya itatoka wiki ijayo. Njia iliyobaki ni kujaza fomu ya kuwatumia hospitali pesa, na kutia saini.

Nikashika kalamu. Mkia ukaenda zake pembeni. Wakanipa fomu nyingine. Taji likatoka kama jino bovu. Nikajaribu saini yangu ya risiti za madebe, wakasema hiyo ndiyo haifanani kabisa. Yule binti wa habari za familia akatazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, akasema uso ni wangu ila saini si yangu. Meneja wao akatoka ofisini. Yaani huyu alitoka. Akasema suala langu linachunguzwa, nirudi Jumatatu.

Upasuaji ni kesho.

Jioni nilikusudia kumwambia mke wangu. Nilimkuta anakunja nguo za mama yake, anazipanga kwenye mkoba wa hospitali. Nikapiga moyo konde, nikafungua mdomo, nikauliza kama kuna chai.

Ijumaa, 28 Novemba

Niliwatangulia kwenye dirisha la malipo, roho mkononi, mwavuli kwapani. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Karani akaangalia kompyuta yake, akasema huyu mama ameshalipiwa, tangu Jumanne ya wiki iliyopita.

Ni mke wangu. Alilipa kwa pesa zake za cherehani, siku moja tu baada ya ahadi yangu. Nikamuuliza kwa nini basi aliniomba niahidi. Akasema mke lazima amwombe mumewe, hata kama anajua atakachopata. Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Tukakaa kwenye benchi la korido, mama yake yuko ndani.

Baadaye akaniuliza kama ukuta nimeupaka.

Nikakimbia nyumbani. Nikabandua kifuniko cha debe. Kijivu. Nililichukua stoo kwangu mwenyewe, kichwa kimejaa mataji, wala sikusoma lebo. Na kijivu chenyewe ni kile kile cha saruji.

Jumamosi, 29 Novemba

Bandeji imetolewa. Mama mkwe amerudi, ameketi kwenye kiti chake. Akatutazama mmoja mmoja. Kwangu alikawia, akasema kumbe mwanangu umezeeka hivi. Kisha akaugeukia ukuta.

Aliutazama muda mrefu. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nijifiche.

Akasema ni njano nzuri, vilevile nilivyomweleza. Jioni majirani walipokuja kumpa pole akawaonyesha kwa kidole, akawaambia mkwe wake aliupaka kwa mkono wake mwenyewe. Suti alikuwepo. Hata yeye aliitikia kwa kichwa.

Nilitoka uani nikalia. Nimekula kiapo: sitapanga njama tena maisha yangu yote. Mtu anayependwa namna hii hahitaji mwavuli.

Jumatatu, 1 Desemba

Benki ya ng'ambo wamemaliza uchunguzi. Mimi ni mimi. Pesa zipo salama, na za mke wangu nimemrudishia zote.

Nilipokuwa natoka nikaona bango jipya ng'ambo ya pili, mlangoni kwa benki yangu ya zamani. Mteja mpya yeyote anapewa saa ya ukutani.

Nikasimama nikalisoma tena. Mimi pale si mteja tangu Jumatano. Maana yake, nikirudi ni mteja mpya. Meneja ameshindwa kunibembeleza kwa mdomo, ameona aandike ukutani. Mtu mzima, anaona haya, namwelewa. Saa yenyewe ni kubwa, duara la njano. Ingeziba sehemu nzuri ya saruji.

Nikamweleza mke wangu. Hakubisha. Ameniomba jambo moja tu: nisiguse akaunti mpaka daktari arudi mwakani na mama apasuliwe jicho la kushoto.

Nimemwahidi. Saini mpya nimeanza kujizoeza leo jioni. Taji nimeliacha kabisa. Hii ina bendera.