Jogoo wa Mama Mkwe na Bwana Afya

Leo nimeumbuka, jamaa. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya landhi nzima, na koti kichwani. (Habari ya koti nitafika.)

Ninyi mliohamia Eldoret hamjui kwamba tangu mwezi jana mimi ndiye mzee wa landhi, hizi nyumba za wafanyakazi hapa Nakuru. Kazi yenyewe ni kutangaza sheria. Ya mwisho niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika penye mfereji wa maji: NI MARUFUKU KUFUGA KUKU KATIKA NYUMBA HIZI. ATAKAYEPATIKANA ATAHAMA CHUMBA SIKU HIYO HIYO. Jirani yangu Okelo alinisihi kwa ajili ya kuku wake mmoja wa mayai. Nikamwambia hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, kuku angetoka. (Ndivyo nilivyokuwa nikiongea. Naona haya.)

Basi jana mama mkwe akashuka kwenye treni kutoka Maragoli, kuja kumwona mjukuu wa wiki mbili. Kikapuni, jogoo! Mwekundu, mnene, na macho ya ugomvi.

Nikamtuma mke wangu: "Rasoa, mwambie mama huyo jogoo tumchinje leo leo." Jibu likarudi kwamba jogoo ni wa mtoto, na mali ya mtoto haichinjwi. Ningebishana vipi? Mnajua mila zetu. Mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemezani. Akiingia yeye, natoka mimi. Na chumba tunacho kimoja! Alisema anakaa siku mbili, basi nikaenda kulala sakafuni kwa rafiki. Jogoo akalala chini ya kitanda changu. Alfajiri akawika, Rasoa akatoka kuwaambia majirani kwamba mtoto ana kikohozi.

Saa nne, Bwana Afya huyo, mkaguzi wa nyumba! Kaptura ya kaki, baiskeli, daftari. Nikifukuzwa, huyu mzazi na mtoto wake mchanga nitawapeleka wapi?

Tukazunguka naye nyumba hadi nyumba, majirani wakitufuata. Aliinama chini ya kila kitanda. Kwa Okelo alifunua hata sufuria. Tulipofika kwangu nikajaza mlango wote.

"Hapa kuna mzazi, bwana. Halafu hiyo sheria ni mimi niliandika."

"Ni wewe? Basi nikukague ya nini?" Akanipa mkono. Akageukia watu akapaza sauti: "Kila landhi ingekuwa na mzee kama huyu, mimi ningekaa nyumbani nilale!"

Jamaa, nilikuwa nimepona. Nimepona kabisa!

Lakini mama mkwe alikuwa anasikiliza. Mkubwa wa serikali amsifu mkwe wake mlangoni, halafu aondoke mikono mitupu? Kwetu? Pazia likasogea. Nikaona vidole vya miguu vikitokeza. Hapo mtu mwenye akili angemzuia, angesema neno, angekohoa angalau. Miguu yangu ikafuata mila. Nikavuta koti kichwani nikatimua mbio hadi nyuma ya karo la kufulia.

"Mirembe, baba," nikamsikia akimsalimu. "Umesifu mkwe wangu. Shika huyu."

Jogoo akawika.

"Mama," Bwana Afya akauliza polepole, "huyu ametoka wapi?"

"Chini ya kitanda ya mkwe wangu. Hata amelala vizuri."

"Mzee wa landhi! Kuja hapa!"

"Siwezi, bwana!"

"Huwezi nini?"

"Mama mkwe amesimama hapo!"

"Hata mimi nimesimama hapa!"

Okelo akaketi chini kabisa ili acheke vizuri.

Bwana Afya akajaribu kumrudisha jogoo. Mama mkwe akaficha mikono mgongoni, maana zawadi hairudishwi. Bwana Afya kwenda naye nyumbani kwake pia haiwezekani, kwa kuwa nyumba za kwao zina sheria ile ile. Akasimama pale amemkumbatia, jogoo anadonoa kifungo cha shati lake.

"Huyu kuku amepatikana mikononi mwa nani?" akauliza mwishowe.

"Mwako!" landhi nzima ikajibu.

"Basi nimfukuze nani? Mimi sikai hapa!" Akafunga daftari. "Sasa ni wangu, si wa mtoto. Na mimi nasema achinjwe saa hii, watu wote wale. Na wewe huko nyuma, soma hiyo sheria yako. Kwa nguvu!"

Nikasoma. Koti kichwani, mgongo kwa watu, karatasi siioni, natoa maneno kichwani tu. Kufika "atahama chumba" nikajifanya nakohoa, watu wakanimalizia kwa pamoja kama wimbo wa kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akapiga vigelegele: "Mkwe wangu anasoma bila hata kuangalia!"

Uzee wa landhi amepewa Okelo, papo hapo. Chumba nimeachiwa. Lakini mama mkwe amefurahi kupita kiasi. Amemwambia Rasoa kwamba mkwe anayeheshimiwa hivi na serikali hawezi kuachwa bila mtu wa kumsaidia kulea, kwa hiyo atakaa mpaka mtoto atembee.

Msicheke, tafadhali. Chumba ni changu kabisa, ila kukiingia ni mwaka ujao.