Kifungu cha Kumi na Nne na Presha ya Mheshimiwa

Ijumaa, 28 Novemba

Zimebaki siku nne za kazi! Bunge la kaunti linafunga Alhamisi kwenda likizo ndefu, na Mswada wa Huduma za Afya bado haujasomwa mara ya tatu. Usipopita Alhamisi, unalala hadi Februari. Na Februari nani ataukumbuka?

Mswada wenyewe sina neno nao. Kinachoninyima usingizi ni kifungu cha kumi na nne. Daktari wa kaunti atabonyeza kidole kwenye mashine mara nne kwa siku, na akipatikana kliniki ya kibinafsi saa za kazi, kwaheri kazi. Mimi nina kliniki yangu mtaa wa Free Area. Vyumba viwili, kitanda kipya, nesi mmoja anayeitwa Tabby. Niliijenga kwa jasho langu, na sehemu kubwa ya jasho hilo ilitoka saa za kazi.

Nimejiteua mfuatiliaji wa mswada kwenye kundi la WhatsApp la madaktari wa hospitali yetu. Leo nimetuma ratiba ya bunge saa moja asubuhi. Daktari Chesang, tuliye naye wodi moja, alikuwa ameituma saa kumi na mbili na nusu. Huyu mwanamke halali?

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepata wazo nikiwa kwenye foleni ya chai! Mwenye mswada ni Mheshimiwa Kiptum, mwakilishi wadi kutoka Kuresoi, mwenyekiti wa kamati ya afya. Asipokuwepo, mswada unaahirishwa. Sasa, nani anaweza kumwambia mheshimiwa alale kitandani siku tatu, na akatii? Daktari!

Nimempigia. Nimemwambia kliniki yangu inapima viongozi bure kabla ya Krismasi. Amefurahi, atakuja kesho saa nne asubuhi. Nitampima presha, nitakunja uso, nitasema iko juu. Tabby amesema hiyo ni dhambi. Nimemwambia mapumziko hayajawahi kuua mtu.

Jumanne, 2 Desemba

Siamini!

Nilimwambia Chesang nakimbia maabara mara moja. Akauliza ni maabara gani hiyo inahitaji ufunguo wa gari. Nikatoka mbio.

Saa nne kamili mheshimiwa akaingia, anahema. Nikamfunga mkanda mkononi, nikaandaa uso wa huzuni. Mashine ikaandika 188 kwa 112. Nikadhani imeharibika. Nikajipima: sawa. Nikampima Tabby: sawa. Nikarudi kwa mheshimiwa: 190!

Presha ni ya kweli! Sihitaji hata kudanganya!

Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama ataishi kumwona binti yake Jebet akimaliza shule. "Ndugu yangu alianguka hivi hivi shambani, daktari. Tulikuwa tunavuna viazi." Nilisahau mswada kabisa, kama dakika kumi hivi. Nikasikiliza moyo wake, nikampa dawa, nikamweleza habari ya chumvi. Nilikuwa daktari mzuri sana. Ndipo nikakumbuka, nikaongeza: kitandani mpaka Ijumaa, simu izimwe, na bunge asilisogelee.

Alasiri mswada umeahirishwa! Nimetuma habari kwenye kundi dakika mbili nzima kabla ya Chesang!

Jumatano, 3 Desemba

Umeahirishwa tena! Kikao cha asubuhi na cha alasiri! Bado kesho tu!

Chesang amenisimamisha kwenye korido. Amesema anaombea kifungu hicho kipite, kwa sababu amechoka kubeba wagonjwa wa watu wawili. Jana mama mmoja alitoka Salgaa na barua yenye jina langu, akakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Chesang ndiye aliyemtibu. Nimejisikia vibaya, vibaya kabisa, hadi mwisho wa ngazi. Pale chini Tabby akapiga simu kuwa watu watano wananingoja Free Area.

Nimeagiza bango jipya la kliniki: DAKTARI YUPO KUTWA.

Alhamisi, 4 Desemba

Ole wangu.

Nilitaka kuushuhudia mswada ukizikwa. Nikamwambia Chesang jino linaniuma, nikaenda bungeni, nikakaa roshani ya wageni. Mbele yangu alikuwa bosi wetu wa hospitali, Daktari Waithera, amealikwa na kamati. Nikajificha nyuma ya gazeti.

Saa nane na nusu mlango ukafunguka. Kiptum! Amenyoa, anang'aa, anatembea kama kijana. Dawa yangu ilikuwa imefanya kazi.

Akaomba kusema jambo kabla ya mswada. Akasema asingekuwa hai kama si daktari mmoja. Akataja jina langu lote, Jamleck Mwaura. Akataja Free Area. Akataja Jumanne, saa nne asubuhi, bila foleni, daktari ametulia kabisa kama hana kazi nyingine. Kisha akaniona. Akaomba nisimame.

Nikasimama. Nikapunga mkono! Wawakilishi wakapiga meza kunishangilia, na kwa kweli ilikuwa tamu.

Ndipo mwakilishi mmoja akauliza kama huyu si yule Mwaura wa hospitali ya kaunti, ambaye mama mzazi wa mwakilishi huyo hajawahi kumpata wodini. Waithera akageuka polepole. Kiptum akanitazama, akatazama karatasi zake, akasema kwa huzuni kwamba basi tuendelee na kifungu cha kumi na nne.

Umepita. Hakuna aliyepinga. Chesang ametuma habari kwenye kundi kwanza, pamoja na picha yangu nikipunga mkono.

Jumamosi, 6 Desemba

Barua ya Waithera imefika. Nijieleze ndani ya siku saba. Mashine ya vidole inafungwa mlangoni Jumatatu. Tabby ananishauri niombe msamaha, nimshukuru Chesang, niende kazini kama watu wengine. Maneno mazuri.

Lakini nimeusoma utaratibu wote usiku kucha. Mswada haujawa sheria! Lazima gavana atie sahihi, na ana siku kumi na nne! Na karatasi za kusainiwa zinapitia kwa mshauri wake wa sheria, Bwana Kibii, ambaye nasikia magoti yanamsumbua sana!

Nimempigia. Ni mtu mwema. Tumepanga nimwone kliniki, Jumanne, saa nne asubuhi.