Njia ya Blandina, Nani Analipa?

Jumanne, 2 Juni 1998

Karatasi ya malipo imekuja. Imeletwa na Blandina mwenyewe, dada wa mazoezi ya Grâce, tena anatabasamu! Mstari wa kwanza ninaujua: kumnyoosha mwanangu Grâce miguu na kumfundisha kusimama na vyuma vya miguuni. Sawa. Mstari wa pili: safari. Safari gani? Mimi na mwanangu hatujatoka mtaa huu wa Albert Park, hapa Durban, tangu Pasaka! Grâce, anayesoma kunishinda mimi mama yake, akasema ni safari ya dada Blandina. Toka ofisini kwao Berea mpaka mlangoni kwetu, kwenda na kurudi.

Nikakaa chini. Kumbe anahesabu njia!

Kwetu Bukavu mgeni akiaga unamtia pesa ya taxi mkononi. Ni heshima yako mwenye nyumba. Mgeni mwenyewe hadai! Na huyu nimempikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Nimempa kikombe chenye maua, kile ambacho hata baba Grâce hakukigusa kabla ya kwenda Johannesburg na kupotelea huko. Nilidhani anakuja kwa sababu anatupenda.

Sombe iliyobaki nimekula peke yangu, na hasira.

Jumatano, 3 Juni

Nimepata akili. Safari inaishia mlangoni. Basi mlango nitausogeza! Ijumaa tutamngojea njiani. Watu wakikutana njiani, nani anamlipa nani? Hapo atakuwa mgeni tena, si mtu wa karatasi.

Ijumaa, 5 Juni

Nimemsukuma Grâce kwenye kiti chake mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kupandia Berea. Eish, mlima ule! Gurudumu moja linalia kama mbuzi. Taxi zikatupigia honi. Kondakta mmoja wa kwetu Kongo akauliza mama unakwenda wapi. Nikasema siendi, nangoja mgeni. Akasema mama, wageni wanangojewa nyumbani, hapa wanangojewa polisi. Mjinga.

Blandina akapita na kigari chake cheupe. Nikapunga kitenge, nikapiga kelele. Robot ilikuwa kijani. Hakutuona.

Tumerudi tukamkuta amekaa kwenye ngazi, anatungoja. Muda wa Grâce ulikuwa umekwisha. Akauliza tulikuwa wapi. Nikasema kununua chumvi. Grâce akasema hatukununua chumvi. Miguu ya mtoto huyu imekataa, lakini ulimi unakimbia!

Hakunywa chai. Alikuwa anawahi kwa mwingine. Kikombe chenye maua nimekiosha hivyo hivyo, kikavu.

Jumatatu, 8 Juni

Nimekwenda ofisini mwenyewe. Pale iko binti mmoja, Aysha, mzaliwa wa hapa Durban, Kiswahili chake cha kujifunza kwa bibi yake. Mpole. Alinieleza kama anamlisha mtoto uji. Kwamba safari ni petroli na muda wa njiani. Kwamba inaandikwa na ofisi, si Blandina, na mfukoni mwake haingii hata senti. Kwamba jengo moja likiwa na watu wawili wa kutembelewa, njia inagawanywa nusu kwa nusu.

Nusu! Hapo nikaacha kusikiliza. Aliendelea kusema mambo ya Jumapili, sijui kazi hakuna, sijui ofisi inafungwa. Mimi nilishafika nyumbani kwa mawazo.

Mtu wa pili ninaye! Papa Ladislas, juu yetu kabisa. Alivunjika nyonga, anatembea na fimbo. Hatusemeshani tangu aanike mashuka yake kwenye kamba yangu. Nikampelekea bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Akauliza nani amekufa hata leo namsalimia. Nikacheka, ingawa iliniuma. Nikamsifu Blandina: mikono yake, upole wake, jinsi anavyomkalisha mtu na kumuuliza ameamkaje. Papa Ladislas akasema miaka hajaulizwa ameamkaje. Kesho atajiandikisha.

Mimi ni mtu wa akili. Kusoma siyo kila kitu.

Ijumaa, 12 Juni

Safari imegawanyika! Nimeshinda!

Lakini na Blandina amegawanyika. Alimnyoosha Grâce, akamsifu, akatazama saa, akapanda juu. Zamani kazi ikiisha alikuwa anavua viatu, tunakunywa chai, ananisimulia mama yake wa Tanga. Leo chai iko juu. Papa Ladislas ana televisheni na Kombe la Dunia limeanza. Nikasikia wanacheka. Nikapanda kwenye kiti nisikie vizuri. Nikagonga dari na ufagio. Papa Ladislas akajibu na fimbo, ko ko ko, akidhani nashangilia mpira!

Mashuka kwanza, sasa Blandina. Mwizi yule.

Jumapili, 14 Juni

Jumapili ni siku mbaya. Kanisani tunakumbatiana, halafu kila mtu anapotelea kwake. Mlango huu haubishwi. Nimeweka vikombe viwili mezani, mazoea tu.

Mara, hodi! Nikachungulia. Blandina! Hana sare, amevaa gauni la kanisa, kigari hakuna, amekuja kwa miguu na sahani iliyofunikwa kitambaa. Nikashika kitasa.

Halafu akili ikanijia. Mama Grâce, ngoja! Safari ya Jumapili ni bei gani? Lazima ni mara mbili! Na Papa Ladislas ameenda kwa mwanawe Pinetown, hakuna wa kugawana naye!

Nikazima redio. Nikamziba Grâce mdomo. Grâce akanong'ona kati ya vidole vyangu kwamba dada amekuja kutusalimia tu. Nikamwambia wewe mtoto, mambo ya safari huyajui, mimi nimekwenda mpaka ofisini.

Blandina akaita kwamba ni yeye tu. Akangoja. Akaita tena, sauti ndogo. Kisha nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi, polepole.

Baadaye nikafungua. Maandazi, bado ya moto. Tumekula. Matamu! Nikamimina chai kwenye kikombe chenye maua, sijui kwa nini. Kimekaa pale mpaka kikapoa. Grâce hanisemeshi.

Lakini safari nzima nimeiokoa! Kesho napanda Berea kumuuliza Aysha kama na maandazi yanaandikwa.