Mimweko Iliyolala Juu ya Jericho

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwalimu Warigia wa fizikia amekuja kwenye kibanda changu cha antena hapa Jericho. Anatafuta fundi wa kuendesha warsha ya klabu ya sayansi. Ataamua Jumamosi. Binti yangu Triza yumo klabuni, nikamuuliza nani anafaa. Akasema Ng'ang'a, bila hata kufikiri. Ng'ang'a! Mchomeleaji wa vyuma vya kushikia dishi, hapo ng'ambo ya njia! Na huyu ni mtoto wa kumzaa mwenyewe. Imeniuma sana.

Mwalimu alitusimulia mimweko ya redio. Hutoka angani, mbali kupindukia, hupita kabla hujapepesa jicho, na chanzo chake bado ni fumbo. Ila mawimbi yake mara nyingi hutikisika upande mmoja, na upande huo huwapa wataalamu fununu ya yalikotoka. Upande mmoja! Si ndiyo kazi yangu miaka ishirini? Mawimbi yamelala, laza antena. Yamesimama, isimamishe. Nitanasa mmweko kabla ya Jumamosi. Triza atanijua mimi ni nani.

Jumatano, 11 Juni

Antena mbili juu ya paa. Moja imelala, moja imesimama, kila moja na redio yake. Saa nne asubuhi: tap! Iliyolala tu! Iliyosimama, kimya kabisa. Nilicheza hadi bati likalegea. Ng'ang'a akazima mashine, akainua kinyago chake cha kuchomelea. "Niaje, mzee wa nyota! Umeshika kunguru?" Mimweko nayo ikatulia papo hapo. Hata mbingu hazimpendi.

Alhamisi, 12 Juni

Maajabu! Leo antena iliyolala inasikia kwa shida. Nimeizungusha taratibu: nguvu imehamia mshazari! Mwalimu alisema upande wa mtikisiko ukigeuka, huenda chanzo ni nyota ndogo yenye usumaku mkali, inayozunguka. Basi nimeipata!

Jirani yangu Amondi alinipigia kelele uani. Amehamisha waya wake wa kuanikia nguo, sasa umetoka kwenye nguzo ya chuma ya Ng'ang'a ukapanda hadi dirisha la ghorofani, na ngazi yangu inamzuia. Nilimwambia aheshimu utafiti. Nimealika klabu nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Wanafunzi kumi na wanne uani. Tap! Makofi! Mwalimu akauliza kama mawimbi ya juu, yanayotikisika haraka, yalitangulia yale ya chini. Eti safari ndefu kwenye gesi ya angani huyachelewesha ya chini, na gesi yenye usumaku huyasokota, kila wimbi likafika na mshazari wake. Nikasema yangu hufika pamoja, kwa mshazari mmoja, yana adabu. Wakacheka.

Triza hakucheka. Alitazama antena. Akatazama waya wa nguo. Mshazari uleule! Akamwomba Amondi aushushe, ulale. Antena ikanyamaza. Tukailaza: tap! Akamwomba Ng'ang'a azime mashine. Kimya. Cheche zake zilikuwa zikipitia nguzoni na kurushwa na waya wa nguo. Nyota yangu ni Ng'ang'a!

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Lakini Triza alinishika mkono mbele ya wote, akasema bila antena za baba yake chanzo kisingejulikana. Nilifuta macho, nikasingizia vumbi. Mwalimu akaamua warsha iwe yetu sote wawili: Ng'ang'a atarusha mawimbi, mimi nitayapokea. Nimekubali, mradi jina langu litangulie. Triza ameniomba kitu kimoja tu: siku nyingine nipime kwanza, ndipo nitangaze. Nimemwapia.

Jumapili, 15 Juni

Ng'ang'a yuko kanisani. Amondi ameanua nguo na waya ameukunja. Saa tatu asubuhi: tap! Safari hii antena iliyosimama! Tap! Tap! Nyota mpya, isiyo na mchomeleaji! Triza ananiita kutoka jikoni, eti jiko la gesi linakataa kuwaka, amebonyeza na kubonyeza kitufe cha cheche hadi kidole kinamuuma. Nimemwambia asinivuruge, niko kazini. Nimeshamwandikia Mwalimu aje na wazazi wote. Ng'ang'a nimemwandikia pia, aje ajionee nyota ambayo si yeye.